Njia ya Elinaza

Jumapili, 4 Oktoba 2009
Valeria kaenda tena kanisani na gari la Tumsifu. Mimi nimezunguka na basi, nimeingia wimbo wa pili, nimekaa nyuma karibu na makoti. Na kanisa sote tunaliona dirishani kwenye ghorofa letu, ng'ambo tu ya bonde! Mtu akikatiza, atafika wakati Tumsifu bado anatafuta pa kuegesha. Nataka kumwoa Valeria. Gari sina huku ughaibuni. Basi nitatafuta njia.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimeazima kitabu maktaba. Wakoloni wa mwanzo Australia, milima imewafungia pwani miaka na miaka. Wanafuata mabonde, wanakuta ukuta wa mwamba, wanarudi. Mwisho wengine wanashika mgongo wa mlima, hawashuki, wanatokea upande wa pili. Nimesoma mpaka chai imepoa. Watu wale walikuwa na moyo! Kuna ukurasa unasema wenyeji walipita huko tangu zamani. Huo nimeuruka, ulikuwa mrefu.

Jumamosi, 10 Oktoba
Kitabu kinasema mgongo, lakini mimi ni mtu wa Machame. Kwetu ukipotea unafuata mfereji, na kila mfereji hupita uani kwa mtu. Nikashuka, nikafuata kijito. Mungu wangu, uzuri ule. Majani mekundu mpaka juu, kimya, kulungu kasimama majini ananitazama. Nilivua kofia. Miaka sita naishi juu ya kitu hiki nikilalamikia lifti.

Kijito hakikupita uani kwa mtu. Kiliingia kwenye bomba la zege chini ya barabara kuu, nikabaki na matope magotini.

Nasikia sauti juu. Valeria, na Mama Sabine wa Bukavu, wanatoka kazini. Valeria akauliza kaka Elinaza anatafuta nini huko mtoni. Akanishushia mtandio wake, wakanivuta wote wawili. Kumbe juu kuna njia ya kuvuka bonde, na wao huipita kila siku. Jumapili anapanda gari kwa ajili ya viatu vyake vya kanisani tu. Akasema nikikubali kumbebea viatu, kesho twende kwa miguu. Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumapili, 11 Oktoba
Tumepita. Juu kabisa tukasimama, bonde lote chini yetu linawaka jua. Akanishika mkono.

Tulimtangulia Tumsifu. Valeria akavaa viatu, akanipa raba zake nimshikie. Wakati wa matangazo nikasimama. Nikawaeleza washarika nilivyoivumbua njia, peke yangu, kwa kuhatarisha maisha, na kwamba itaitwa Njia ya Elinaza. Walipiga makofi. Mama Sabine hakupiga. Valeria karudi na gari la Tumsifu, mimi nimebaki na raba.

Jumapili, 18 Oktoba
Nimemrudishia raba. Kashukuru kwa upole, kasema zinaijua ile njia kuliko mimi. Halafu kaingia garini. Nadhani umaarufu wangu umemtisha. Wake za wavumbuzi lazima walipata shida hiyohiyo.

Mama Sabine anasema mashariki kuna bonde kubwa zaidi. Yeye hupita huko akienda kwa dada yake. Jumamosi nakwenda kulivumbua.