Nafasi Iliyobaki Kwenye Kanda

Jumatatu, 4 Machi

Miaka kumi na moja katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali, na meza yangu bado iko koridoni, hatua nne kutoka choo cha wagonjwa wa nje. Nimechoka. Mwenzangu Bi Lebo anakaa chumba cha kanda. Chumba chenye kiyoyozi! Eti kanda za bekapu, zinazotunza kumbukumbu za kompyuta, zinahitaji ubaridi. Na mimi je, nahitaji mvuke? (Tunamwita Bi Lebo kwa sababu kila kitu chake kina lebo, mpaka kijiko.)

Leo nimepima kwa futi. Kabati la pili la kanda likiondoka, meza yangu inaingia pale bila kugusa ukuta. Na kabati lenyewe la nini? Kila kanda imejaa nusu tu. Badala ya kuanza kanda mpya kila mwezi, unaongeza data mpya nyuma ya zile za zamani. Kanda zinapungua, kabati linatoka, mtu anapata heshima yake.

Nimemsifia Mkuu wa kitengo tai yake, kisha nikamweleza. Kakubali nijaribu kanda moja. Bi Lebo kaniuliza kama najua kanda inavyofanya kazi. Nimemwambia nilisikiliza muziki wa kanda ujana wangu wote. Hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Bi Lebo kaenda semina ya siku tatu. Kaniachia kanda ya Wodi ya Wazazi: watoto wote waliozaliwa hapa kwa miaka ishirini. Daftari za karatasi ziliharibika bomba lilipopasuka, kwa hiyo watoto hao sasa wanaishi humo tu. Kaniachia na karatasi ya maelekezo. Ingiza kanda. Iamuru isogee hadi mwisho wa data. Andika. Usiitoe katikati. Hilo la mwisho kalipigia mstari mara tatu. Dharau hiyo.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nisiombe feni tu. Kuna watu huwezi kuwaeleza kitu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya! Peke yangu, katika ubaridi, kwenye kiti cha Bi Lebo (kina lebo). Nimeingiza kanda, nimeiamuru, ikakoroma dakika tatu hadi ikafika mwisho. Hapo nikaona vumbi kwenye mdomo wa mashine. Mimi si mtu wa uzembe. Nikaitoa kanda, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati langu safi, nikairudisha. Nikabonyeza kuandika. Haikugoma hata kidogo. Data zote za Februari zimeingia, na mashine ikaniambia kazi imekamilika. Mashine! Binadamu hajawahi kuniambia hivyo ofisini humu.

Nimekwenda kupima nafasi ya meza mara ya pili. Inatosha, pamoja na kiti cha mgeni.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi kaja mzee mmoja, fundi viatu, vidole vyeusi kwa rangi. Binti yake kapata nafasi chuoni na anadaiwa barua ya hospitali kwamba alizaliwa hapa. Mwisho kesho saa sita mchana. Nikamwambia ni kazi ya dakika tano. Nikafungua kanda. Februari ya mwaka huu. Baada ya Februari, hakuna kitu. Nikajaribu tena. Hakuna.

Nikageuza karatasi ya Bi Lebo. Nyuma kaandika kwamba kanda ikitolewa, ikirudishwa inaanza mwanzo, na ukiandika hapo unafuta. Nyuma ya karatasi! Nani anasoma nyuma? Na yaliyobaki mbele ya Februari mashine haiyasomi tena. Kwake yeye, kanda inaishia pale nilipoachia kuandika.

Jasho jembamba likanitoka, ndani ya kiyoyozi. Watoto wa miaka ishirini.

Nimemwambia mzee kwamba mtandao unasumbua. Kanijibu, "Sawa ndugu yangu, nitasubiri." Kasubiri kweli, kwenye benchi mbele ya meza yangu, hadi saa kumi. Kanionyesha picha ya binti. Wa kwanza kwao kufika chuo. Hakulalamika hata mara moja. Angenitukana ningepata nafuu. Nimejitia hamnazo, napanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Naona aibu, basi.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee alikuwa benchini kabla yangu. Bi Lebo karudi saa tatu. Nimemweleza yote kwa sauti ndogo, nikiangalia viatu. Nilitegemea kelele. Kashusha pumzi tu, kama mtu anayepokea barua aliyoitarajia. Kumbe Jumatatu ile ile, Mkuu alipokubali, yeye Bi Lebo aliinakili kanda nzima na kuifungia ya asili maabara. Niliyopewa mimi ilikuwa nakala.

Barua imetoka saa tano na nusu. Mzee kanishika mikono yote miwili, kanishukuru kwa kuhangaika naye tangu jana. Mimi! Bi Lebo alikuwa amesimama pale pale, akaacha shukrani zote zinipate mimi. Nusura nilie. Mzee kaondoka mbio, barua kaishikilia juu isikunjike.

Mkuu kasema jaribio limeshindwa, kabati linabaki.

Nimekaa mezani kwangu mchana kutwa nikitafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Vumbi. Mashine ingekuwa safi nisingeitoa kanda. Halafu walinipa nakala, na nakala siku zote haina nguvu ya kitu chenyewe.

Bi Lebo anaanza likizo Jumatatu, wiki tatu. Nimejitolea kumfutia vumbi chumbani, na kwa uchovu aliokuwa nao kaniachia ufunguo. Kanda ya asili imesharudi rafuni. Safari hii ipo moja tu, kwa hiyo hakuna kuchanganya. Seremala nimemwambia aje kubeba kabati Jumatatu saa nne. Nitakuwa nimemaliza kuiandika.