Mzani Kwanza, Printa Baadaye

Jumatatu, 3 Juni 2024

Baridi. Ukungu umeingia hadi ndani ya kituo cha mboga. Mashine ya lebo imeganda mara nne kabla ya saa tano. Programu ni yangu. Ina nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja, na kila uzi unahitaji ufunguo wa mzani na ufunguo wa printa, yaani zamu ya kukitumia kifaa peke yake. Uzi mmoja ulishika mzani ukangoja printa. Wa pili ulishika printa ukangoja mzani. Hakuna ulioachia. Wakulima wakabaki wamesimama na matenga yao ya kabichi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hassani, kasema lori la Jumamosi likichelewa kwa ajili ya mashine, kituo kitarudi kwenye daftari na Timotheo, ndiye mimi, atarudi kwa mama yake kupalilia maharage. Kasema kwa upole. Nimeogopa.

Nimeongeza amri: kila uzi usubiri sekunde tatu kabla ya kushika chochote. Akili nyingi!

Jumanne, 4 Juni

Zinasubiri sekunde tatu, kisha zinaganda.

Nashuku maktaba ya pamoja, ule msimbo ambao programu yangu na ile ya chumba cha baridi, inayochapa joto kwa printa hiyo hiyo, zote zinauazima. Kaiandika Jenoveva, meza ya pili, hatua nne kutoka kwangu. Ningemuuliza tu anashika ufunguo upi kwanza. Haiwezekani. Humuulizi mtu jambo kabla ya kumsalimia, na hatujasalimiana tangu Pasaka. Nimemzidi miaka mitatu, kwa hiyo nangoja shikamoo yake. Yeye ni binamu wa mama, kiukoo ni mama yangu mdogo, kwa hiyo anangoja yangu. Kila asubuhi tunaingia, tunakohoa, tunakaa.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya. Nimenakili maktaba ya Jenoveva, nikabadili hapa na pale, nikaipa programu yangu nakala yake peke yake. Simhitaji mtu! Asubuhi nzima haijaganda. Nimepiga mluzi kuelekea meza ya pili.

Saa nane. Kumbe nakala imekuja na funguo zake. Printa moja, funguo mbili, programu mbili zinaingia kwa pamoja, kila moja ikidhani iko peke yake. Hoho za Mzee Hassani zilikuwa kilo 38. Namba 4 ya joto la chumba cha baridi ikajipenyeza. Lebo inasema kilo 384. Mzee kavaa miwani, kasoma, kavua, kaniuliza kama ninalala vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemtuma Paskalina wa mzani akaniulizie. Jenoveva kajibu kwamba anawajibu wanaomsalimia. Mzee Hassani alikuwa nyuma ya karoti. Kasikia.

Ijumaa, 7 Juni

Tumeitwa wote wawili. Mzee kasema kasuluhisha mipaka, mahari na mifereji, ila upuuzi huu hajauona. Utaratibu unajulikana: ukoo kwanza, umri baadaye, kwa kila mtu, kila mahali. Ndiyo maana watu hawakwami mlangoni.

Utaratibu mmoja kwa wote! Hapo hapo nikaziona nyuzi zangu.

Shikamoo nimeitoa. Ilinitoka kama jino. Marahaba yake ilisikika hadi barabarani. Kisha akanionyesha mstari wa kwanza wa maelezo ya maktaba yake: shika mzani kwanza, printa baadaye, siku zote. Upo tangu Februari. Sikuwahi kuusoma kwa sababu juu yake pana jina lake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudisha maktaba ya pamoja na kugeuza mistari miwili ya programu yangu: mzani kwanza. Matenga mia mbili na sita, hakuna kuganda. Lori limeondoka saa saba. Mzee kasema nibaki kazini. Nimefurahi mno, nikajificha nyuma ya kabichi nifute macho. Halafu akatushukuru mbele ya watu wote. Jenoveva kwanza, mimi baadaye.

Jumapili, 9 Juni

Tunafungua kituo kingine Rangwi. Tutakitengenezea programu mimi na Jenoveva, kasema Mzee.

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Naandika maktaba yangu mwenyewe. Humo ni printa kwanza, mzani baadaye. Maelezo sijaweka. Jenoveva akitaka kujua, atakuja kuniuliza. Na humuulizi mtu jambo kabla ya kumsalimia.