Baba wa Kimarekani chini ya meza

Jamani, leo nimeadhirika, tena mbele ya mama mkwe!

Mnajua kundi letu la maigizo la parokia hapa Kamina. Mchana huu tumecheza mchezo wa Kimarekani. Baba amefukuzwa kazi, lakini anaogopa majirani. Kila asubuhi anavaa tai, anatoka, anazurura. Mke na watoto wanateseka kutunza uongo wake. Baba huyo ni mimi. (Tai ni ya shemeji. Imenikaba vibaya.)

Mwishoni baba anachoka kujificha. Anakaa mezani, anakula, halafu anapiga kelele: "Kuanzia leo, minyi siogope tena macho ya bantu!" Yaani, haogopi tena macho ya watu. Maneno hayo nimeyakariri mpaka mke wangu Ngoie akaniomba nimhurumie.

Basi nikakaa. Nikafinyanga tonge la bukari, ugali wetu. (Ndiyo, Mmarekani anakula bukari. Mkate ulikuwa umeisha.) Nikainua macho.

Mama mkwe, mstari wa mbele, kando ya padri!

Alifika asubuhi kutoka Bukama. Ngoie aliniapia kwamba mama yake atalala mchana kutwa. Na kwetu Baluba, mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Hajawahi kuniona nikitafuna! Nikila, nimemvunjia heshima mama aliyenipa mke. Nisipokula, mchezo umekwama.

Mke wangu wa jukwaani, Béatrice, mke wa askari wa kambini, si Mluba, desturi hiyo haijui. Akaninong'oneza:

"Kula basi, papa! Bantu banatuangalia!"

"Njo maana naogopa!"

Nikateleza na tonge langu mpaka chini ya meza. Nikatafuna huko. Kisha, mdomo umejaa, nikanguruma: "Siogope tena macho ya bantu!"

Ukumbi ukalipuka. Padri alifuta machozi. Mimi nilitaka ardhi inimeze, pamoja na tai.

Ndipo mama mkwe akasimama. Akageuza kiti, akatupa mgongo.

"Mukwe, toka. Kula tu. Minyi nitasikia na masikio."

Akakaa hivyo mpaka mwisho. Watu walimpigia makofi yeye, si mimi.

Nyumbani nimemsikia akimwambia Ngoie: "Bwana yako iko na heshima. Hata mu Amerika hakusahau bukwe."

Bukwe ndiyo hiyo heshima yetu ya ukweni. Nampenda sana yule mama. Macho ya Kamina nzima nayaweza. Ya kwake, hapana. Sasa ninyi mnaocheka, kwenu mama mkwe hayupo?