Nilivyokalia Chujio la Boti ya Mama Neema

Wakuu, leo nimeaibika mbele ya mchungaji, mbele ya mke wangu na mbele ya Masanja. Hao wawili wa kwanza ningewavumilia.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Magomeni, Kilosa. Mashine zote za Mama Neema nazihudumia mimi, na ndizo zinazonilisha. Sasa Mama Neema, kwa vile siku hizi kila kitu kinaingia kutoka Dubai, kanunua boti ya mtumba. Injini imekaa ndani, na kwa nyuma kuna mguu wa chuma unaoingia majini na panga lake la kuisukuma boti. Anataka kuwazungusha bwawani, huku upande wa Zombo, wageni wanaotoka kutazama wanyama Mikumi.

Shida ni moja. Injini ile inapoozwa na maji ya bwawa lenyewe, inayanyonya kupitia vitundu vilivyo kwenye ule mguu. Na bwawa letu ni tope na magugu. Vitundu vinaziba, injini inachemka, boti inasimama katikati ya maji. Nilivisafisha, vikaziba. Nikavifunga wavu, ukaziba wavu. (Nikavitazama kwa hasira. Vikaziba.)

Ndipo akaitwa Masanja. Ni kijana wa Kisukuma, kahamia Mabwerebwere, hapa jirani, juzijuzi kutoka huko ziwani, na boti kaanza kuzifungua kabla hajaota ndevu. Akaviziba vile vitundu moja kwa moja. Akatoboa sakafu ya boti, akapachika bomba la kunyonya maji ya juu, yasiyo na tope. Bomba linapita kwenye koki ya kufungia maji, kisha kwenye chujio lenye mfuniko wa kuzungusha, ndipo maji yaende kwenye injini. Takataka zinabaki kwenye chujio.

Wivu ulinipanda hadi chakula hakipiti. Kila kona ni Masanja, Masanja. Mama Neema akaanza: "Labda na mashine zangu azitazame." Hata mke wangu! "Yule kijana ana adabu, hapiti bila kuniamkia." Nikazunguka vijiweni nikisema, "Fundi gani anatoboa boti? Itazama ile!"

Leo mchungaji kaja kuibariki boti ikijaribiwa, wakapanda na Mama Neema na Masanja. Nami nikapanda. (Hakuna aliyenialika.)

"Shikamoo, kaka," akasema Masanja.

"Marahaba," nikajibu huku nikitazama magugu.

Tukaondoka. Injini inanguruma vizuri. Vizuri mno, iliniuma. Tukapita kwenye magugu, haikuchemka. Tukarudia kwa mwendo wa kasi, haikuchemka. Mama Neema akapiga vigelegele. Mchungaji akawa anaomba boti ibarikiwe, mimi naomba ichemke.

Nikashindwa kuvumilia. "Hiyo injini ni ya moto, basi tu hamjui," nikasema. "Ngojeni niwaonyeshe."

Sasa, sisi wa mashine za kusaga maji yetu ya kupoozea yako kwenye pipa. Ukitaka kujua joto, unafunua pipa mashine ikiwa inazunguka, unatia mkono. Nimefanya hivyo miaka yote. Nikainama, nikazungusha mfuniko wa chujio.

Mama yangu! Maji hayakungoja mkono. Yaliruka yakanipiga usoni, mfuniko ukanitoka, ukaenda bwawani. Masanja akazima injini, lakini maji ya bwawa yanazidi kububujika tu kupitia lile tundu la sakafuni. Viatu vya mchungaji vikaanza kuelea.

"Tunazama!" akapiga kelele Mama Neema. "Fundi, fanya kitu!"

Nikafanya. Nikalikalia lile chujio. (Ndiyo. Kwa makalio. Lilienea vizuri kabisa.)

"Kaka," akasema Masanja kwa upole, "samahani, nyanyua mguu."

"Siwezi! Nikinyanyuka tunakufa wote!"

"Usinyanyuke wewe, kaka. Mguu tu. Umekanyaga koki."

Nikanyanyua mguu. Akafunga koki. Maji yakakata hapo hapo. Mimi bado nimekaa.

"Sasa unaweza kuinuka, mwanangu," akasema mchungaji.

Nikainuka. Suruali haikuinuka yote.

Tukarudi kwa kasia, mimi nimefungwa khanga ya Mama Neema kiunoni. Ufukoni mke wangu alikuwa amekaa chini, hawezi kusimama kwa kicheko. Mama Neema akashuka, akakamua gauni, akasema neno nililokuwa naliogopa tangu Masanja ahamie hapa: "Masanja, kuanzia leo na zile mashine za kusaga uzishike wewe."

Watoto wangu wale nini?

"Hapana, mama," Masanja akajibu. "Mashine za kusaga sizijui. Hizo ni za kaka. Kama atakubali, anifundishe."

Mnaona mambo yake? Nimekesha nikimchukia, halafu kazi yangu imeokolewa na mdomo wake! Hata kumchukia kaninyima. Nikasema sawa, ningesema nini, na khanga kiunoni?

Kwa hiyo kesho asubuhi anakuja nyumbani kujifunza. Naombeni msicheke. Mke wangu keshaanza kuuliza Masanja anapenda mboga gani.