Alama Tisini na Sita za Mtoto Aliyekuwa Kitandani

Ofisi ya Elimu ya Jiji ilitangaza kwamba ujinga umekwisha. Ulikwisha Jumanne, saa nne na robo asubuhi, na tangazo likabandikwa kwenye milango ya shule zote ishirini na tatu, lina mhuri, saini na picha ya Mheshimiwa Mkurugenzi akitabasamu. Mwaka uliopita jiji lilishika mkia katika mtihani wa darasa la sita. Mwaka huu lilikuwa la kwanza. Hapo katikati hakikubadilika kitu: madirisha hayakuwa na vioo, watoto tisini walibanana chumba kimoja, na kitabu kilikuwa kimoja kwa kila dawati, pale penye dawati. Hilo hasa, tangazo lilieleza, ndilo lililodhihirisha ubora wa uongozi, kwa kuwa uongozi dhaifu ungehitaji vitabu.

Fundi wa kushona sare, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uzi, alilisoma tangazo hilo kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa enzi zake. Yeye aliishia darasa la saba, lakini la saba lenyewe alilisoma kweli. Chini ya tangazo kulikuwa na orodha ya majina. Jina la binti yake wa mwisho, Kitinda, lilikuwa la nne kutoka juu. Alama tisini na sita.

Akasoma tena. Kisha akakaa kwenye ngazi za shule.

Kitinda hakufanya mtihani. Wiki nzima ya mtihani alikuwa kitandani na homa, jasho likimtoka, na mama yake akishona, mguu kwenye cherehani, jicho kwa mgonjwa. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi: Kitinda hakujua kusoma. Katika homa hiyohiyo mama alimpa chupa akamwambia, "Nisomee hapo, vijiko vingapi?" Mtoto akaitazama chupa, akamtazama mama yake, akasema, "Hapo wameandika dawa."

Na sasa tangazo lilisema wote waliopita tisini wataanza Shule ya Vipaji mwezi ujao. Mama Uzi aliiona picha yote: mwanawe amewekewa kitabu kinene mbele, wenzake wanacheka, naye anatoka huko kama alivyoingia, ila ameshika cheti. Alitaka jambo moja tu. Kitinda arudie darasa la sita, afundishwe kusoma.

Akaanzia kwa mwalimu wa darasa, aliyemkuta akiota jua nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu alikuwa mgonjwa. Hizi alama zimetoka wapi?"

"Zimetoka Usafi, mama."

"Usafi gani?"

Mwalimu akamweleza bila kificho, kwa sababu lilikuwa jambo la kawaida kazini. Kila baada ya mtihani, walimu huitwa kwenye Chumba cha Usafi wa Karatasi, ghorofa ya pili ya Ofisi ya Elimu, mkabala na bohari. Kila mmoja hukabidhiwa raba mbili, penseli moja, soda moja na orodha ya majibu. Kazi ni kuondoa uchafu. Uchafu, kwa mujibu wa mwongozo, ni jibu lolote la mwanafunzi lisilolingana na orodha.

"Na ya mwanangu je? Haikuwa na jibu hata moja."

"Yake ndiyo ilikuwa nafuu yetu, mama. Haikula raba."

"Basi mbona hamkumpa mia kabisa?"

"Tuliagizwa tubakishe makosa mawili kwa kila mtoto. Ionekane ni binadamu."

Mama Uzi akamtazama vidole. Vilikuwa vimechubuka kwa kusugua.

"Mwalimu, na wewe umekubali?"

"Darasa lisilofikisha tisini, mwalimu wake ana hiari mbili: aache kazi au aachishwe. Waliokataa walikuwa watatu. Wawili wanauza viatu sokoni. Wa tatu alirudi kuomba radhi, akapewa uratibu wa raba."

Akaenda Ofisi ya Elimu. Karani wa mapokezi alimsikiliza hadi mwisho, akafungua droo, akapekua, akafunga.

"Mama, nina fomu ya mtoto aliyefeli na mzazi wake anakataa. Wa kwako amefaulu na mzazi wake anakataa. Hiyo fomu hatuna."

"Niandike kwenye karatasi ya kawaida?"

"Karatasi ya kawaida haina sehemu ya mhuri. Utakuwa umeandika barua tu."

Mheshimiwa Mkurugenzi akapita wakati huo, amening'iniza koti begani, akataka kujua kuna nini. Alipoambiwa, akacheka kwa upole kama daktari wa meno.

"Unasema mtoto hakuwepo. Ushahidi?"

"Cheti cha zahanati hiki hapa, mheshimiwa. Siku tano."

"Na mimi nina karatasi ya mtihani, imejaa majibu. Sasa mama yangu, kati ya nesi mmoja na Ofisi nzima ya Elimu, nani anaweza kukosea?"

"Mheshimiwa, mimi sigombani na ofisi. Naomba arudie darasa tu."

"Haiwezekani. Tuna Waraka Namba Tisa. Aliyepata chini ya hamsini atarudia darasa la sita, bila kujali umri, cheo wala udhuru. Aliyefaulu harudii. Nimeutia saini mwenyewe, kwa mkono huu."

"Bila kujali cheo?"

"Cheo chochote. Sheria ni sheria."

Mama Uzi akashukuru, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuandamana wala hakupiga kelele. Lakini msimu wa sare ulikuwa umewadia, na kila mzazi alimletea mtoto kupimwa, na mtu anayepimwa mabega hana pa kukimbilia. "Wako kapata ngapi? Tisini na sita? Hebu mwambie anisomee hicho kibandiko cha kitambaa." Kufikia mtoto wa sitini, jiji zima lilikuwa likisomesha watoto vibandiko, na jiji zima lilikuwa limepata jibu moja: hapo wameandika kitambaa. Uvumi ukafika wizarani. Wizara ikasema inamtuma mkaguzi.

Mheshimiwa Mkurugenzi hakutikisika. Aliitisha mkutano wa wazazi, akatangaza Mtihani wa Uthibitisho: yeye pamoja na Kamati yake ya Ubora, watu kumi na mmoja, wangefanya mtihani wa darasa la sita hadharani, mbele ya mkaguzi, chini ya taratibu zilezile walizofanyia watoto. Taratibu hizohizo zikitoa matokeo mema kwa watu wazima, alisema, wambea watatafuta kazi nyingine.

Mama Uzi akasimama na futi yake shingoni. "Na Kitinda naye afanye, mheshimiwa. Si ni wa tisini na sita?"

Ukumbi ukageuka kumtazama Mkurugenzi. Akatabasamu, maana picha ilikuwa inapigwa.

"Afanye. Karibu sana mwanangu."

Asubuhi ya mtihani, Mkurugenzi alichukua tahadhari ya mwisho. Aliamuru Chumba cha Usafi, ambacho kwa maneno yake hakikuwahi kuwepo, kifungwe kwa kufuli mbili, na funguo apewe mkaguzi, ajionee kwa macho yake kwamba hakipo. Kisha akaingia ukumbini, akaketi, akapewa maswali hamsini.

Alimaliza kwa dakika kumi na mbili. Kila swali alichagua A. Mtu aliyetia saini kwa miaka thelathini bila kusoma hawezi kuanza kusoma siku hiyo. Mjumbe wa kamati aliyeketi jirani, jasho limemlowesha, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, hili la sehemu ni ngapi?"

"Weka chochote. Vijana wataweka sawa."

Mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani, alikuwa nyuma yao. "Vijana gani?"

"Vijana wa taifa," akasema Mkurugenzi.

Hapo ndipo alipoziona funguo mbili zikining'inia kwenye kidole cha mkaguzi. Waliokaa mbele wanasema rangi ilimtoka kuanzia masikioni. Aliomba karatasi yake aipitie tena. Mkaguzi akamjibu kwamba kwa taratibu zilezile walizofanyia watoto, karatasi ikishakusanywa imekusanywa.

Zilisahihishwa palepale, wazazi wakiangalia. Kitinda alipata alama ishirini na nane kwa mia. Maswali ya maneno yalimshinda yote isipokuwa aliyobahatisha, lakini ya tarakimu alipata mengi, hasa ya urefu, kwa kuwa alikulia chini ya futi. Kamati yote ilikuwa kati ya kumi na mbili na ishirini na sita. Mheshimiwa Mkurugenzi alipata kumi na nane.

Mama Uzi akauliza taratibu, kama mtu anayeomba maji, "Waraka Namba Tisa unasemaje, mheshimiwa?"

Karani akauleta. Mkaguzi akausoma kwa sauti, umri, cheo na udhuru, kisha akasoma saini. Akauliza kama kuna mwenye kupinga saini hiyo. Mwenye saini hakupinga.

Jumamosi yake Mheshimiwa Mkurugenzi alikuja kupimwa. Mama Uzi akazungusha futi kiunoni. Ikaishia kwenye mbavu za upande wa pili. Akaunga na uzi, akafunga fundo, akaandika.

"Kaptura, mheshimiwa."

"Hakuna suruali?"

"Suruali ni kuanzia la saba."

Kitinda akarudia darasa la sita. Jaribio la kwanza alipata arobaini na moja, karatasi imechafuka na imetoboka mahali alipofuta mwenyewe na kuandika tena, na mama yake akaibandika ukutani juu ya cherehani. Ile ya tisini na sita, aliyorudishiwa na mkaguzi, Mama Uzi alikuwa akichongea chaki za kitambaa juu yake.

Siku ya jaribio la pili, Mkurugenzi aliketi dawati moja na Kitinda, magoti yake yamegusa ubao wa juu. Akanyoosha shingo kidogo. Kitinda akaizungushia karatasi yake mkono.

"Mzee, angalia kwako."

Mkurugenzi akatazama kwake. Hakukuwa na kitu. Akainua kidole.

"Mwalimu, samahani. Hizi karatasi zitasafishwa lini?"

Mwalimu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kupona, hakuinua hata uso.

"Chumba hicho hakipo, mwanafunzi. Ulitwambia mwenyewe. Keti."