Kaimu Mpishi Mkuu Asiyeonja

Jumatatu, 10 Machi

Kwa taadhima kubwa nawatangazia walimwengu, yaani Lamu nzima, kuanzia Wiyoni hadi Ras Kitau, kwamba kofia yangu imeongezeka urefu. Kwa vidole viwili! Mpishi mkuu wetu kapata kazi Dubai, kaondoka na visu vyake, na mimi Taha, msaidizi wake wa miaka na mikaka, nimekuwa kaimu. Bwana Mohdhar, mwenye hoteli, kasema Ijumaa atafuturisha jamaa zake hapa hotelini. Pilau ikimridhisha, cheo ni changu. Isipomridhisha, ni cha Bi Fairuz, msimamizi wa jiko la samaki. Mungu apishe mbali.

Sasa kazi yangu si kupika. Mpishi mkuu husimama, huonja, hukunja uso. Kusimama najua. Uso umeshajikunja wenyewe kwa umri. Kuonja ndiyo tabu: Ramadhani. Bi Fairuz huonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Masheikh wameruhusu. Nikaona hapa ndipo pa kumpita. Bwana Mohdhar alipoingia jikoni nikasema, kwa sauti, kwamba mimi hata ncha ya ulimi sithubutu. Chumvi naijua kwa harufu tu. Akasema mashaallah! Bi Fairuz akasema chumvi haina harufu. Wivu huo.

Nikatoa amri: tangu leo hakuna mkono utakaotia chumvi chunguni bila idhini yangu.

Jumanne, 11 Machi

Chumvi kweli haina harufu. Nimenusa mkebe mzima. Chafya tu.

Nikamwuliza Bi Fairuz, kwa upole wote, kama leo amefunga. Aliniangalia. Sitauliza tena.

Alasiri likaja wazo. Murithi! Mwoka mikate wetu. Mmeru, Mkatoliki, mtu wa siri. Nampelekea kijiko nyuma ya friji kubwa, anaonja, ananinong'oneza. Kisha narudi kwenye sufuria, nafumba macho, nanusa, natamka hukumu: punje kidogo zaidi! Supu ya pweza ya wageni imesifiwa hadi chumba cha mwisho. Bi Fairuz kaniuliza mbona leo naipenda sana friji. Nikamwambia joto.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Mohdhar kamleta rafiki yake aje anione nikinusa. Nilinusa sufuria tatu na bakuli la kachumbari. Rafiki kaniomba ninuse na mkoba wake. Nilikataa. Kipaji si mchezo.

Murithi naye keshaota pembe. Anataka niache kumtuma trei, na leo kanisahihisha vitunguu. Nimemvumilia. Kesho ndiyo kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haraka, jua linakaribia kuzama.

Mbuzi wawili wako chunguni. Harufu imevuka maji hadi Shela. Kabla mchele haujaingia nilichota mchuzi, nikamwita Murithi nyuma ya friji. Akarudisha mikono nyuma. Kasema leo ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama haigusi, hata mchuzi wake.

Nikamwambia huku si kula, ni kuonja.

Akasema, "Basi onja wewe, Shefu."

 Nikaurudisha mchuzi chunguni.

Je, vijana wa jikoni walishatia chumvi walipochemsha nyama? Kuwauliza ni kukiri. Mtu anayejua kwa harufu haulizi! Bi Fairuz kapita na kijiko mkononi, kajitolea kunionjea. Nikamwambia nimeshanusa, chumvi iko sawasawa. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Bwana Taha, ndaa imekupanda kitwani." Njaa, mimi!

Mchele umeingia. Tawakkaltu.

Jumamosi, 15 Machi

Taarifa rasmi: karamu ilifana. Mamake Bwana Mohdhar, mwenye presha, alimaliza sahani mbili akaniombea dua ndefu.

Sasa ukweli, maadamu humu najisomea mwenyewe. Pilau haikuwa na chumvi hata punje. Amri yangu ilitiiwa na jiko zima, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Watu walifungua kwa tende wakicheka, wakatia tonge la kwanza la pilau, wakaanza kutazamana. Bwana Mohdhar alitafuna taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mimi nilikuwa nyuma ya friji. Safari hii si kwa siri ya kuonja.

Aliyetoka mbele ya watu ni Bi Fairuz. Katoka na achari ya ndimu, kachumbari iliyokolea, na uso mkavu kabisa. Kamwambia Bwana Mohdhar kwamba jiko limepunguza chumvi makusudi kwa ajili ya mama, na wenye afya zao wajiongezee. Watu wakajiongezea, wakala, wakasifu. Angeweza kuniacha nizame. Hakuniacha.

Asubuhi kapewa cheo. Mimi kanibakiza msaidizi, na Jumamosi ijayo kaniachia kuchoma vya wageni ufukweni: pweza na kamba. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, machozi yakanilenga. Kisha nikafika kwenye gati, akili ikanirudia.

Ufukweni! Mbele ya Bwana Mohdhar! Mpango wangu haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Murithi na Kwaresima yake. Nahitaji mtu asiye na Ramadhani wala Kwaresima. Nimempata: Jabez, nahodha mpya wa boti ya hoteli. Mkisii, Msabato safi. Nimemwambia aje Jumamosi mchana anionjee kamba.

Akauliza, "Jumamosi? Siku ya Sabato, kabla jua halijatua? Tena kamba, asiye na magamba?"

Nikamwambia kamba, tena wakubwa. Kacheka mpaka kashikilia usukani. Hakunipa jibu, lakini mtu hachekei kazi namna ile kama hajaipenda.