Nguzo Kumi na Sita za Mhandisi Thadeo

Thadeo alipoona nguzo nne za zege zikichungulia kwenye majani ya kiwanja kimoja cha Mikumi, palipokuwa na ghala zamani, moyo wake ulijaa upendo wa mazingira. Upendo huo ulimwingia dakika moja baada ya kusikia kwamba mwenye kiwanja, Mama Mhoja wa Masanze, ana mbuzi wengi na anataka gesti ya bei nafuu.

"Shikamoo mama. Mimi ni mhandisi."

"Marahaba. Kofia hiyo ya ujenzi umeiazima wapi?"

Thadeo akakohoa kisomi. "Mama, siku hizi, kulinda mazingira, msingi wa zamani hautupwi. Nguzo za zamani na mpya zinabeba nyumba pamoja. Ninyi si mnafunga maksai mzee na kijana kwenye nira moja?"

"Tunafunga. Sema bei."

"Mbuzi mmoja kwa kila nguzo nzima nitakayoigundua."

Mama akakubali, akarudi Masanze, na sayansi ikaanza. Siku tatu Thadeo alinyoosha mistari kwa kamba, akachimba, akasimika vipande kumi na viwili vya nguzo za uzio, kila kimoja urefu wa mkono, akavipaka matope vizeeke.

Jumatatu mama alikuta nguzo kumi na sita. Mhandisi alizigonga kwa nyundo, akasikiliza kwa kipimo cha daktari.

"Zote zina afya, mama."

"Vizuri. Ila kwetu maksai hanunuliwi kabla hajavuta. Bundala mwanangu, leta mnyororo!"

Bundala akaja na maksai wanne. Nguzo ya kwanza iling'oka kama muhogo.

"Hiyo ilikuwa na msongo wa mawazo," alisema Thadeo.

"Na hii?"

"Hiyo... imestaafu mapema."

Ilipong'oka ya kumi na mbili, mhandisi alikuwa ameishiwa magonjwa. Zile nne za ghala maksai walizivuta mpaka wakapiga magoti. Hazikutikisika.

"Basi mbuzi wanne, mama."

"Hizo nne nilizinunua pamoja na kiwanja." Mama Mhoja alikagua mashimo kumi na mawili, yaliyonyooka kama gwaride. "Nguzo zangu mpya zitakaa humu humu. Tatizo hayana kina. Unayamalizia, au nipige yowe majirani waje?"

Thadeo alimtazama Bundala, akautazama mnyororo.

"Kina kiwe futi ngapi, mama?"